Makaratasi ya kusafirisha taka ya sumu toka Lubumbashi: anzia ku tanuru, si ku kamyo

Kila mara iko vile. Siku ya ine mangaribi patro mumoja ananipigia simu, juu mi ni deklaran, mwenye kutengeneza makaratasi ya dwani (forodha): "Deklaran, kamyo imekwisha kupakia, nitafutie makaratasi, kesho asubui ipite mupaka wa Kasumbalesa." Minamuuliza mu ndani muko nini. "Bintu bya kutupa tu papa, bateri ya zamani na asidi yenye imechoka."

Kutupa tu! Byenyewe byenye unaita bya kutupa njo makaratasi yake iko mingi kupita ata ya kobalti. Ile kamyo haitatoka kesho, pengine haitatoka ata mwezi ujao, na haiko juu deklaran ni muvivu ao juu bantu ba dwani banatafuta madesu ya batoto (nakubali, ile nayo ikoko, lakini leo haiko ile tunazungumuza). Ni juu muzigo wa kawaida unaanza ku muuzaji unakwenda ku munuuzi, na kama munuuzi hajapatikana unaweza ata kuuweka mu depo ya Ndola ukingoje bei. Taka ya sumu inakwenda kinyume: mbele ya yote unatafuta mwenye ataipokea, ule mwenye tanuru ao mashini ya kuiyeyusha, yeye aseme ndiyo na mukono wake, kisha serikali yake iseme ndiyo, kisha serikali za njiani, kisha yetu, na paka pale njo unaita shofere. Patro yeye anaanzia ku shofere. Njo maana kila mwaka tunagombana.

Tuanze na neno lenyewe. Ku mine na ku garaje bantu banasema "desheti", mu bitabu bya Kiswahili ni taka, na swali la kwanza ya mu ofisi ni moja tu: hii kitu ni taka ao ni bidhaa? Bantu banazani ni swali la bushenzi lakini pale njo fasi mambo mingi inaharibikia. Asidi mupya yenye inakuya mu matanki kwetu kwa kusafisha mawe ya shaba na kobalti, ile ni bidhaa, ni ya hatari lakini ni bidhaa, makaratasi yake ni ya bidhaa. Ile asidi moja, kama imekwisha kutumika, imechafuka na vyuma, na mwenyewe anataka iondoke pa kwake, imekuwa taka. Haijalishi kama mwenye ataichukua atakulipa. Bateri ya gari yenye imekufa iko na risasi (plomb, ile metali) mu ndani, na risasi iko na bei, kwa hiyo mwenye kuuza anapenda kuandika "metali" ao "okazio". Bei haiondoe jina ya taka. Kama mwenyewe anaiondoa ju haitumike tena kazi yake, na inakwenda kutupwa, kuchomwa ao kuyeyushwa, basi ni taka, na kama iko na sumu inaingia mu mukataba.

Mukataba gani? Uko mbili, na Kongo yetu iko mu yote mbili. Wa kwanza ni wa Basel, ulikubaliwa tarehe 22 mwezi wa tatu 1989 na ulianza kazi tarehe 5 mwezi wa tano 1992. Ulizaliwa juu ya haya. Mu 1986 meli moja yenye jina Khian Sea ilitoka Philadelphia na tani kama 14,000 ya majivu ya taka yenye ilichomwa, ilizunguka bahari fasi yote inafukuzwa, na mu 1988 ilimwanga kama tani 4,000 pa Gonaïves, Haiti, na ku karatasi ilikuwa imeandikwa eti ni mbolea. Mwaka ule ule, pa Koko, Nigeria, balikuta mapipa maelfu ya sumu yenye ilitoka Italia, imepangwa mu lupango ya muntu mwenye alikuwa analipwa kama dola 100 kwa mwezi ya kukodisha fasi. Mu lupango! Fikiria jirani yako. Basi Afrika ilipoona Basel inaregeza kamba, ikatengeneza yake, mukataba wa Bamako, tarehe 30 mwezi wa kwanza 1991, ulianza kufanya kazi 22 mwezi wa ine 1998. Bamako inasema wazi: taka ya hatari yenye inatoka inje ya Afrika isiingie Afrika, basi. Kati ya inchi za Afrika, ao kutoka Afrika kwenda inje, inaweza kusafiri, lakini na makaratasi.

Mu inchi yetu kuko tena sheria ya mazingira n° 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011, na kama we ni mine kuko kode miniere ya 2002 yenye ilibadilishwa mu 2018. Usichanganye: ile inakuambia namna ya kuchunga taka pa kwako, mikataba inakuambia namna ya kuivukisha mupaka. Kama taka inatoka Kolwezi inakwenda fasi ingine palepale mu Kongo, hautaandikia inchi ingine, unahitaji bordero ya kufuatilia yenye inasainiwa na mwenye kutoa, mwenye kubeba na mwenye kupokea, na rejista yako ya pa kazi. Hiyo nayo bantu banaisahau lakini haichukue miezi.

Sasa tufike ku fasi yenyewe, ma-kode. Minajua hapa njo bantu banafunga simu. Ngoja kidogo, nitachukua mufano moja tu, bateri ya gari, na ukielewa ile moja zingine zote ni vile vile.

Bateri ya gari yenye imekufa iko na majina kama sita, na kila jina linajibu swali tofauti. Swali la kwanza, mu ndani muko sumu gani? Pale mukataba wa Basel uko na liste ya herufi Y, na risasi ni Y31 (asidi yenyewe ni Y34, zebaki Y29, PCB, sumu yenye balitiaka mu mafuta ya transforma za zamani, Y10). Swali la pili, inaumiza namna gani? Liste ya herufi H: H8 maana yake inakula ngozi na chuma, na ile namba 8 haikutoka hewani, ni ile klasi 8 ya bidhaa za hatari yenye bashofere banaonaka ku losanje ya nyuma ya matanki ya asidi. Swali la tatu, jina yake kamili mu liste ya taka: A1160, bateri ya risasi na asidi. Swali la ine, itafanywa nini kule inakwenda? Kama inayeyushwa ili risasi itumike tena ni R4. Kama ni kuchoma tu ni D10, kama ni kuzika mu shimo yenye imejengwa vizuri ni D5. Herufi R ni ya kurudisha mu kazi, D ni ya kumaliza. Swali la tano, njiani inaitwaje? UN 2794, namba ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa za hatari. Na la sita, bantu ba dwani banaiita nani? Mu liste ya dunia ya bidhaa toka 2022 bateri yenye imekufa iko mu namba 8549, mbele ilikuwa mu 8548, na mpaka leo minaona makaratasi yenye mutu alikopi ya zamani akasahau kubadilisha.

Unaona? Muzigo moja, majina sita, na yote inapashwa kusema habari moja. Ukiandika Y31 kisha ku karatasi ya njiani ukaandika UN 1832, yenye ni asidi ya sulfiriki imekwisha kutumika, muntu wa mazingira ya inchi ingine ataona bintu mbili tofauti na atakuwa na haki. Mi nilikuwa nazani ni kujionyesha tu, kujaza ma-kode, mpaka siku nilielewa kwamba afisa wa Lusaka hatafungua pipa. Hana kifaa, hana wakati, na saa zingine hana ata ganti. Anasoma tu. Kwa yeye ile karatasi njo pipa yenyewe.

Kwa kujaza ile vizuri unahitaji kujua ndani muko nini kwa kweli, si kwa kukisia, na hapo njo laboratware inaingia. Unachukua eshantiyo, unapima. Mafuta ya transforma ya zamani kwa mufano: kama PCB inafika miligramu 50 kwa kilo moja, iko taka ya hatari A3180 na inakwenda ku tanuru ya moto mukali sana, ya Ulaya mara mingi, kama iko chini, jina ni ingine na njia ni ingine. Kwa macho zote mbili ni mafuta ya rangi ya chai. Kuko haraka tena pale juu mukataba wa Stockholm, wa sumu zenye hazioze upesi, uliwekea PCB mwisho: kutumia mu mashini ikome 2025, na kuimaliza vizuri ifike 2028. Mwenye iko na transforma ya wakati wa ba-Beliji pa nyuma ya atelye, asingoje.

Haya, ma-kode iko tayari. Sasa unatafuta mupokeaji, na simaanishe yeyote mwenye kusema "lete tu". Unamuomba ruhusa yake ya serikali ya kwao, na unaisoma: inasema anaweza kupokea A1160? tani ngapi kwa mwaka? inaisha lini? Hadisi ya Abidjan njo ya kukumbuka. Mu mwezi wa munane 2006 meli Probo Koala ilifika kule, taka yake ilikuwa imefika mbele Amsterdam lakini bei ya kule kuisafisha ilipanda ikaondoka nayo, na pa Abidjan ilipewa kampuni ya pale yenye ilikuwa na ruhusa, ndiyo, karatasi iko, ilipewa wiki chache tu mbele, lakini haikuwa na mutambo wowote wa kusafisha ile kitu. Usiku makamyo ilikwenda kumwanga fasi na fasi mu muji. Bantu balikufa, maelfu na maelfu balikimbilia ma-hospitali. Kwa hiyo ruhusa peke haitoshe, uliza foto, uliza muntu mwenye amepeleka kule mbele yako, uliza kampuni ikuonyeshe sertifika ya muzigo wa zamani.

Na mupokeaji huyu munafanya naye kontra. Si kontra ya biashara tu: mukataba wa Basel unataka kontra kati ya mwenye kutuma na mwenye kumaliza, na iandikwe mu ndani kwamba taka itamalizwa kwa namna yenye haiharibu mazingira. Kisha kuko dhamana, asiransi ao garanti ya benki, ya kulipa kama muzigo unakataliwa na unapashwa kurudi. Pale patro banalialia sana. "Mi nalipia kitu yenye haiyafika?" Ndiyo papa, unalipia.

Kuko na barua moja yenye bantu mingi habajui. Basel inasema taka ya hatari isitoke paka kama inchi yake haina mutambo wa kuimaliza vizuri, ao kama kule inakwenda banaihitaji sawa matiere premiere ya kufanya kazi nayo. Kwa hiyo unapashwa kuandika sababu. Sisi pa Lubumbashi sababu haiko nguvu kupata: bateri zetu zikibaki, bijana banazipasula na nyundo, asidi banamwanga mu mufereji, risasi banaiyeyusha mu sufuria pa lupango wakati batoto banacheza pembeni, na risasi inaharibu bongo ya mutoto bila kuonyesha kitu kwa macho. Andika vile, kwa maneno ya ofisi.

Sasa notifikasio, karatasi ya kujulisha inchi zingine na kuziomba ruhusa. Hii njo karatasi kubwa. Mu ndani yake munaingia majina ya mwenye kutuma, mwenye alizaa ile taka, mwenye kubeba kila kipande cha njia, mwenye kumaliza, sababu, kiasi, namna ya kufunga, ma-kode yote, kontra, asiransi, na inchi zote na mipaka yote kwa jina. Kwa jina! Kama uliandika utapita Chirundu kuingia Zimbabwe, usimwambie shofere apite Kazungula juu eti daraja mupya (ilifunguliwa 2021) haina foleni. Ukipita Kazungula umeingia Botswana, na Botswana hukuiandikia, kwa hiyo unakuwa umeingiza sumu mu inchi ya bantu bila ruhusa, ata kama muzigo ni ule ule na shofere ni ule ule.

We haupeleke notifikasio kwa mupokeaji kwa posta yako. Inapita kwa serikali: kila inchi ya mukataba iko na ofisi yenye ilichaguliwa kwa hiyo kazi, na ya kwetu iko upande wa ministere ya mazingira, Kinshasa. Divizio ya provensi itakupigia tampo na kukuongoza lakini hawezi kuandikia Pretoria. Kwa hiyo fayilo inaruka Kinshasa, kutoka pale inakwenda ku ofisi ya inchi ya mwisho na ku ofisi za inchi za njiani. Kwa Zambia mwenye kazi ni ZEMA, ofisi yao ya mazingira, na ZEMA iko na lisansi yake ya kupitisha taka ya hatari mu inchi yao, yenye mwenye kubeba anapashwa kuwa nayo, haiko kitu moja na ruhusa ya mukataba. Ikufae kujua mapema. Tena fayilo iwe mu Kifaransa na mu Kiingereza, ju ile ya Kifaransa peke ikifika Lusaka inalala.

Na muda? Inchi ya njiani iko na siku 60 kujibu. Bantu banasikia "siku 60" banazani kisha siku 60 kimya ni ndiyo. Hapana. Inchi ya mwisho kimya yake ni hapana, unangoja mpaka andike. Inchi ya njiani nayo vile vile, paka kama ilikwisha kutangaza mbele kwamba haiombe barua, na hiyo si ya kukisia, unauliza.

Hapa kuko mutego moja mwenye unakamata ata bakubwa. Basel inakubali notifikasio moja ya jumla, ya miezi 12, kama taka ni ile ile, mupokeaji ni ule ule na mipaka ni ile ile. Ukisoma Basel peke utafurahi. Lakini Bamako imekataa: kila safari na notifikasio yake, ata kama kila mwezi unatuma bateri ile ile fasi ile ile. Mukonsilta mumoja alikuya na plan nzuri, tableau ya rangi, safari kumi na mbili kwa karatasi moja, na muzee mumoja wa ofisi alimwangalia tu akasema, "Mwana, we ulisoma kitabu cha bazungu, rudi usome chetu." Nilicheka, lakini alikuwa na haki.

Na inchi yenye haiko mu Basel je? Basel inakataza kupeleka kwa mwenye haiko ndani, paka kama kuko makubaliano ya pembeni. Marekani ilisaini 1990 lakini haikumaliza kuingia mpaka leo. Kwa hiyo ule mwenye anakuambia mujomba wake wa Texas ananunua bateri, mwambie pole.

Ruhusa zote zikifika, njo tunaanza karatasi ya pili, ya safari yenyewe. Mu ofisi tunaiita dokima ya muvma. Hii inapanda kamyo na inatembea na muzigo toka pa geti lako mpaka pa tanuru, na kila mwenye anaushika anasaini: we, shofere wa kwanza, shofere wa pili kama kuko kubadilisha, dwani ya kutoka, dwani ya kupita, dwani ya kuingia, mupokeaji. Haiko nzuri kuiacha mu ofisi kwa kuichunga, eti isichafuke. Minaiona hiyo kila mara, orijinali iko mu tiroire Lubumbashi na kamyo iko Chililabombwe na fotokopi.

Pamoja nayo kuko makaratasi ya hatari ya njiani, yenye bashofere ba mustari wa Zambia banajua kupita sisi ba ofisi: jina na namba ya UN, klasi, grupe ya kufunga, na neno TAKA linatangulia jina, kwa Kifaransa DÉCHET, kwa Kiingereza WASTE, ili mwenye kuzima moto ajue haiko bidhaa safi. Kuko fishi ya usalama yenye iko na bipande 16 (cha 14 njo cha usafiri, kama hauna wakati soma kile na cha ine, cha mambo ya kusaidia muntu mwenye ameumia). Kuko tremukadi yenye shofere anaweka mu kabina, inasema kama imemwangika ufanye nini. Mapipa yawe na alama ya UN yenye imechapwa, si pipa ya mafuta ya ngazi yenye ilioshwa na omo. Bateri ziwe zimesimama, zimefungwa ku palete, mu kitu yenye asidi haiipasule. Kama kisha Durban ao Dar es Salaam kuko meli ya Ulaya, kampuni ya meli itaomba deklarasio yake ya bidhaa za hatari na karatasi ya mwenye alipanga kontena, na kule Ulaya sheria yao mupya ya kusafirisha taka, namba 2024/1157, imeweka tarehe 21 mwezi wa tano 2026 kuwa siku makaratasi inaanza kupita mu intaneti, kwa hiyo uulize mupokeaji wako wa kule anataka nini. Dwani ya kwetu, DGDA, na OCC, ofisi ya kukontrole bidhaa, hizo ni sawa muzigo mwingine wowote wa kutoka, sitapotezea wakati.

Niseme ya Kasumbalesa. Kulikuwa na kampuni moja, haiko lazima jina, ilituma bateri, fayilo yote safi, miezi ya kungoja, ruhusa tatu mu fardi. Palete 24. Siku ya kupakia bijana ba depo banaona fasi imebaki mu rimorki, na mu kona kuko palete mbili za filtre za mafuta, chafu, zinanuka, kila muntu anazichukia. Bakazitia. Wema tu, wakasema kamyo isiende na fasi bule. Pale mupaka mizani inatoa uzito tofauti na dokima, wanafungua, wanahesabu: 26. Na ya ziada haiko ata bateri.

Sasa hapo fahamu kitu moja. Kwa muzigo wa kawaida hiyo ni kosa ya kuhesabu, unalipa amande unapita. Kwa mukataba wa Basel, muzigo wenye haupatane na makaratasi yake ni biashara haramu, neno njo lile, sawa na mwenye alituma bila notifikasio ata kidogo, sawa na mwenye alidanganya kwa kupata ruhusa. Na kama kosa ni la mwenye kutuma, inchi yake inapashwa kuurudisha mu siku 30. (Kama hakuna mwenye alidanganya, ni mupokeaji tu ameshindwa ao tanuru imevunjika, na hakuna fasi ingine nzuri ya kuupeleka, siku ni 90.) Yule shofere alilala mu kabina siku kumi na moja, anakula mukate na sardini, ananipigia simu: "Papa deklaran, mi nilifanya nini?" Hakufanya kitu. Mwishowe ile mbili zilishushwa upande wetu, zikarudi, zingine 24 zikaendelea na barua ya kueleza, na patro alilipa parking ya siku zote, na mara hii hakulia.

Sasa karatasi ya mwisho, yenye mi minaona njo ya kwanza kwa maana. Bantu banazani kamyo ikifika kule, tampo ya kupokea, imekwisha. Mupokeaji anapashwa kuandika mara mbili: mara ya kwanza "nimepokea", mara ya pili, pengine miezi nyuma, "nimemaliza", ile ya R4 ao ya D10 yenye uliandika ku mwanzo. Na anaiandikia we na serikali yako. Kama serikali yako haioni ile ya pili, inauliza serikali ya kule. Mpaka ile barua ifike, muzigo uko bado wako, ata kama uko kilomita elfu mbili na hauuone tena. Dhamana yako nayo haifunguliwe. Nimeona mabenki yanashika makuta ya muntu mwaka muzima juu ya karatasi moja yenye secretaire wa kule alisahau kutuma, na siku nilipomupigia simu alisema "lakini tuliyeyusha zamani!" Ndiyo mama, muliyeyusha, lakini hamukuandika.

Kwa hiyo kama we ni mwenye atelye, ao garaje, ao mine ndogo, na iko na bateri mu kona, ya kufanya asubui si kuita kamyo. Hesabu, pima uzito, andika zilitoka wapi, ziweke chini ya paa na ku simenti, zisimame, kisha tafuta mwenye tanuru. Uhesabu miezi. Na mwambie bijana ba depo: fasi ikibaki mu rimorki, ibaki.

Zile palete mbili za filtre bado ziko. Ziliomba fayilo yao peke, ma-kode yao, mupokeaji wao, notifikasio yao, na juu ya palete mbili hakuna mwenye anataka kulipa ile yote, kwa hiyo tunangoja zingine ziongezeke. Fayilo yao iko wazi pa etajeri yangu, klaseri ya bleu, na patro kila anapopita anauliza kama siwezi kuiondoa pale tuweke imprimante mupya. Minamujibu aweke imprimante chini.